Bibi wa Macho Mekundu

Tunapokutana vijana wa hapa Shinyanga kusomeana hadithi, wahusika ni walewale. Yupo kijana aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu. Lipo duara, yaani shimo la mchimbaji, linalommeza. Halafu yupo mchawi, na huyo bila kukosa ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Mwandishi akishataja macho hayo haelezi tena. Sote tumeshaelewa.

Kurudia wahusika si dhambi, fasihi zote hurudia. Sisi Wasukuma tunalo Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito, kajificha kwenye makapi ya nafaka. Basotho, kule kusini mwa Afrika, wana Kholumolumo wao, na kwao pia anabaki mama mjamzito wa kumzaa shujaa. Duara la Geita nalo ni tumbo lilelile: vijana wanaingia, ndugu wanasubiri juu. Alama hiyo tuitumie tu, ni yetu.

Lakini huyu bibi, ndugu zangu, ana jambo. Wekundu wa macho yake umeletwa na moshi. Miti ya huku ilifyekwa sana, kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha uoto. Kuni zikiadimika, akina mama hupikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Hebu piga hesabu ya miaka arobaini mbele ya moshi ule.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo. Alitulea wajukuu saba kwa jiko hilo. Giza likiingia mjomba alimkataza kutoka peke yake, na hata sisi watoto tulijua kwamba hofu yake haikuwa fisi.

Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa huku Usukumani. Waliobeba mapanga hawakusoma hadithi zetu, sawa. Ila kichwani walikuwa na mhusika yuleyule, na ushahidi wao ulikuwa uleule: macho.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Bwana wee, msomaji anamtaka mchawi. Ukimtoa, hadithi inapoa." Nikamuuliza kama anakumbuka Shing'weng'we inavyoisha. Kijana Masala Kulangwa anapolipasua lile tumbo ili watu watoke, kwa bahati mbaya anamkata sikio bibi kizee. Bibi anakasirika, anamtukana, anataka hata kumroga. Kijana anafanyaje? Anatafuta dawa, anamponya lile sikio. Ndipo watu wanamkalisha kwenye kiti cha utemi.

Kumbe wahenga wetu walikuwa na bibi mkali, tena mwenye nia ya kuroga, na hadithi yao haikupoa hata kidogo. Shujaa wao alimtibu na bado akabaki shujaa.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, mwandike bibi. Awe mkali, awe mchoyo, awe na macho mekundu ukipenda. Ila usisahau kuandika na jiko lake.