Nina Kiu, Tengo Sed



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba ruhusa niliache kando somo la Dominika, nizungumze juu ya sarufi. Wapo watakaojiuliza padre wa parokia, tena wa umri wangu, anatafuta nini katika vitenzi vya Kihispania. Sababu ni ya kichungaji. Katika nyumba moja ya masista wazee yupo sista mzaliwa wa Hispania, aliyeishi kwetu miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa na methali nyingi kuliko changu. Tangu augue, lugha zimemtoka mojamoja. Kiswahili kilitangulia kwenda, na sasa imebaki ile tu aliyoipata kwa mamaye. Wanaomwuguza wanampenda, ila walikuwa hawajui kama analia kwa maumivu, kwa kiu au kwa hofu. Basi nikaazima kitabu, nikaanza na wakati uliopo, maana kando ya kitanda cha mgonjwa nyakati nyingine zaweza kungoja.

Kitabu kilianza na vitenzi vitiifu, kama vianzavyo vitabu vyote vya namna hiyo. Vitenzi vya Kihispania vimegawanyika katika makundi 3 kwa kadiri ya miisho yao: -ar, -er na -ir. Mifano yao ni ileile popote uendapo: hablar, kusema, comer, kula, vivir, kuishi. Unaondoa mwisho, unaweka alama ya nafsi. Hablo ni nasema, hablas unasema, habla anasema, hablamos twasema, habláis mwasema, hablan wasema. Kwa comer utapata como, comes, come, comemos, coméis, comen. Na vivir huenda karibu vivyo hivyo, isipokuwa husema vivimos na vivís. Mtu wa Kiswahili hapa hana la kuogopa. Sisi nafsi tunaitanguliza, wao wanaiweka mwishoni. Lakini kwao kama kwetu neno moja limekwisha kuwa sentensi kamili, wala halihitaji kutanguliwa na “mimi” au “wewe”. Tena hablo hubeba maana zote mbili, ninasema sasa hivi na mimi husema kila siku.

Nilipofika kwa mgonjwa niligundua kwamba kitabu kilikuwa kimenianzisha mbali na nilikohitajika. Ni kweli kwamba beber, kunywa, hutii kanuni, na respirar, kupumua, vilevile. Lakini kuumwa, kutaka, kuweza, kulala, kusikia vibaya, kuomba kitu, kuwa na kitu, kuja, kwenda, kufa: hivyo vyote ni vikaidi. Duele, quiero, puedo, duermo, siento, pido, tengo, vengo, voy, muero. Maneno ya mwanadamu aliye dhaifu, karibu yote yamewekwa kwenye sura za nyuma za kitabu, chini ya kichwa kinachomtisha mwanafunzi.

Hata hivyo ukaidi huo una sababu zake. Chukua dormir, kulala. Husema duermo, duermes, duerme, duermen, ila kwa “sisi” na “ninyi” o hurudi: dormimos, dormís. Siri iko katika mkazo wa sauti. Mkazo ukiangukia mzizi, o hupasuka kuwa ue. Ukihamia mwishoni, o hubaki salama. Ndivyo pia e igeukavyo kuwa ie katika quiero, ilhali “sisi” ni queremos. Kwetu mkazo huhama pia, lala na laleni, lakini irabu ya mzizi haijali. Kwao ilijali tangu Kilatini kilipokuwa kikigeuka kuwa lugha za watu. Na vile vitenzi vilivyopinda kupita vyote, kama ser na ir, ndivyo vinavyotumika kila saa. Neno lisemwalo kila saa hushika umbo lake la kale, kwa kuwa hakuna apataye nafasi ya kulisahau. Kiswahili nacho kina yake. Mtoto hujua “njoo” na “nenda” kabla hajafikia umri wa kuuliza kwa nini hatusemi “ja” na “enda”.

Jambo lililonifurahisha zaidi halimo kitabuni, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wasemao Kiingereza. Kinahangaika kurasa kadhaa kueleza kwamba Mhispania hasemi “mimi ni mwenye kiu” bali “nina kiu”: tengo sed. Ana njaa, tiene hambre. Nina hofu, tengo miedo. Nina miaka 80, tengo ochenta años. Sisi tulizaliwa tukisema hivyo! Kadhalika doler, kuuma. Me duele la cabeza, kichwa kinaniuma. Me duelen los pies, miguu inaniuma. Kitenzi hakimfuati mgonjwa, hufuata kiungo kinachouma, sawasawa na kwetu. Muuguzi wetu kijana alilishika hilo kwa dakika moja. Tulibandika ukutani maswali manne: ¿Tiene sed? ¿Tiene frío? ¿Le duele aquí? ¿Quiere dormir? Tuliyaandika kwa umbo la usted, ambalo ni la heshima na huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu, kwa kuwa chimbuko lake ni vuestra merced, namna ya kale ya kumwita mtu “fadhila yako”. Siku hiyohiyo tulijua kwamba kilio cha usiku kilikuwa baridi.

Kwa “kuwa” wanavyo vitenzi viwili, ser na estar, nao waalimu hupenda kusema kwamba cha kwanza ni cha mambo ya kudumu na cha pili ni cha mambo ya kupita. Kanuni hiyo siiamini sana. Marehemu husemwa está muerto, kwa estar, na sijui hali gani hudumu kuliko hiyo hapa duniani. Mahali mtu alipo ni está, kama “yuko” yetu. Lakini Misa, kwa kuwa ni tukio, es en la capilla.

Msomaji atataka kujua kuhusu maneno ya kazi yangu mwenyewe. Rezar, kusali, ni kitiifu. Perdonar na creer pia. Confesar hugeuka kuwa confieso, na absolver kuwa absuelvo, kwa ajili ya mkazo uleule. Bendecir, kubariki, humfuata decir, kusema, aliyemo ndani yake, hivyo aliyekwisha kujifunza digo amekwisha kupata bendigo bure.