Sanduku letu na hesabu za wanachuoni



Wiki hii tunawaletea habari ya mikutano ya wanachuoni wa kompyuta. Tunajua wengine mtataka kugeuza ukurasa mara moja, mkisema: hapa Salamabila umeme wenyewe ni wa paneli ya jua na jenereta ya jirani, kompyuta za nini? Ngojeni kidogo. Habari hii itafika mpaka kwenye sanduku letu la kusaidiana, lile lililotugombanisha mwezi uliopita.

Kati ya wanachuoni hao kuna wale ambao hawatengenezi mashine hata kidogo. Wanafanya kazi kwa kalamu, karatasi na ubao, kama sisi walimu. Wanauliza: kazi hii ina hatua ngapi? Je, iko njia fupi zaidi? Au hakuna njia fupi kabisa, hata mashine iwe na nguvu namna gani? Mfuatano huo wa hatua wanauita algorithimu. Neno limetoka kwa jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni Mwislamu wa Baghdad wa karne ya 9, yuleyule ambaye kitabu chake kilitupa neno aljebra. Kila anayepika sombe anaelewa jambo hili. Ukiweka mafuta ya mawese kabla ya kutwanga, utakula peke yako.

Katika elimu nyingi mtu akivumbua kitu hukiandika katika jarida. Hawa wa kompyuta wanapenda zaidi mikutano. Unatuma karatasi yako, wanachuoni wengine wanaisoma, mara nyingi bila kuonyeshwa jina la aliyeandika, nao wanazikataa nyingi kuliko wanazopokea. Ukipokewa, unasafiri, unasimama mbele ya watu kwa dakika chache, unaulizwa maswali. Anayekosa kufika anakosa pia mazungumzo ya pembeni, na sisi tulio katika vyama tunajua ni mambo mangapi huamuliwa nje ya mlango baada ya sala ya kufunga.

Kufika ndiko kwenye shida. Mwaka 2018 mkutano mmoja mkubwa wa akili bandia ulifanyika Montreal, Kanada, na Waafrika wengi waliokuwa wamealikwa walinyimwa viza. Makelele yakawa mengi. Basi mkutano mwingine wa aina hiyo, unaoitwa ICLR, ukapangwa kufanyika Addis Ababa mwezi wa nne 2020. Korona ikaingia, watu wakakutana kwa intaneti tu. Mwishowe ulifika Afrika tarehe 1 hadi 5 mwezi wa tano 2023, katika jiji la Kigali. Tunajua jina hilo linavyosikika masikioni mwa Mkongomani, na mwaka ule zaidi. Hatutaingia humo leo. Tunasema tu kwamba mkutano huo ulikuwa upande wa pili wa ziwa, na hapa kwetu hatukumsikia mtu hata mmoja akiutaja.

Waliopigania sana Waafrika waingie katika mikutano hiyo ni dada wawili waliozaliwa Addis Ababa, Timnit Gebru na Rediet Abebe. Mwaka 2017 walianzisha pamoja chama cha Black in AI. Leo tumsimulie huyo wa pili, maana yeye ni mtu wa kalamu na ubao. Rediet alikulia Addis Ababa, akaenda Marekani kusoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2019 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cornell. Hesabu, tumesema, si ushonaji. Wazazi mtakaochagua opsyo za mabinti mwezi wa tisa mtusikie, kwa sababu katika opsyo ya sayansi hapa kwetu wasichana unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki.

Mwaka 2020, katika mkutano wa New York, ilitolewa karatasi ambayo Rediet aliiandika pamoja na Jon Kleinberg na Matthew Weinberg. Tuliposikia inahusu nini tulishangaa. Si roketi wala roboti. Inauliza hivi: ukiwa na fedha kidogo za kusaidia familia, na kila familia inaweza kupigwa na pigo la ghafla, umpe nani?

Tuanze na jambo la kwanza wanalolionyesha. Watu wa misaada wanazoea kutazama kipato, au mali iliyo nyumbani. Hiyo haitoshi. Chukueni wamama wawili wa mtaa wetu, bila majina. Bwana wa mmoja ni mchimbaji wa dhahabu. Wiki ya bahati nyumba inanukia kuku na mchele. Shimo likijaa maji au homa ikimlaza bwana, hakuna kitu. Wa pili ni mjane anayeuza unga wa muhogo, faida ndogo lakini ya kila siku, na shamba analo. Ukihesabu fedha za mwezi, mjane ndiye maskini. Ukihesabu pigo, huenda mke wa mchimbaji ndiye aliye karibu zaidi na shimo, na hakuna anayemwona kwa sababu ya wale kuku.

Jambo la pili ndilo lililotugombanisha sisi. Tuwekeni mstari. Kwetu mstari tunaujua: ni siku ile binti anapotolewa shuleni kupelekwa kuosha mchanga machimboni. Familia ikivuka hapo, imeporomoka, na kuirudisha ni kazi ya miaka. Sasa tuseme sanduku lina faranga 90.000. Wamama watatu, kila mmoja akipata 30.000, hakika hawatavuka mstari. Mama wa nne amezama kiasi kwamba hata akipewa 90.000 zote, ni nusu kwa nusu kama ataokoka.

Mkitaka familia chache iwezekanavyo zivuke mstari, mnawapa wale watatu. Mkitaka aliye katika hatari kubwa kuliko wote apunguziwe hatari, mnampa yule wa nne. Wanachuoni walizifanyia hesabu kanuni zote mbili, kila moja kwa njia yake. Ipi ni ya haki zaidi, hilo hesabu haimalizi, ni la kuamuliwa na wenye sanduku.

Mwezi uliopita upande mmoja ulisema: tusitupe fedha ndani ya maji. Upande mwingine ulisema: chama kinachomwacha aliyezama si chama, ni duka. Watu walitazamana vibaya kana kwamba wengine hawana huruma na wengine hawajui kuhesabu. Kwa hesabu hii, kila upande ulikuwa unajibu vizuri swali lake. Sisi walimu tumeligawanyika pia suala hili, hatuwafichi. Lakini wengi wetu tunaegemea kwa wale watatu, kwa sababu ni mabinti watatu wanaobaki darasani, na daftari la mahudhurio tunalishika sisi.

Jambo tunalopendekeza ni dogo. Kwanza, mama anayeomba msaada aulizwe maswali matatu badala ya moja: unaingiza nini, una nini nyumbani, na ni pigo gani unaliogopa mwezi huu? Pili, tuchague kanuni kabla ya kusoma majina, tuiandike katika daftari la chama na kuishika kwa miezi mitatu. Jina likishasomwa, kila mtu ana shemeji.

Likelemba haiguswi na mpango huu. Zamu zinaendelea kama kawaida. Mkutano ni Jumamosi saa nane, baada ya soko. Wamama wasioandika wakae karibu na mwalimu, tutawaandikia majibu yao. Na wasichana wa darasa la sita wanaotaka kuja na ubao mdogo kufanya hesabu ya 90.000 mbele ya mama zao, mlango uko wazi.