Matokeo Tumeyaona, Tuelezeni Sababu

Mchambuzi wa kwanza wa soka niliyemsikia maishani hakuwahi kukaa mbele ya kamera. Alikuwa karani wa pamba hapa Sengerema, mtu mrefu, mpole, ambaye ujanani aliichezea timu ya Mkoa wa Mwanza katika Kombe la Taifa. Sisi watoto tulimwita Mzee tu, na jirani zetu wote walijua ni mzee gani anayetajwa.

Tarehe 10 Agosti 1974 alinichukua pamoja na mwanawe. Tukapanda pantoni pale Busisi, tukavuka hadi Kigongo na kuingia mjini, kwenye uwanja wa Nyamagana. Yanga na Simba walikuwa wanakutana kuamua ubingwa wa taifa. Simba ile haikuwa ya kubezwa, kwani mwaka huohuo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Adam Sabu aliifungia bao mapema, na kwa muda mrefu bao hilo moja likaonekana kutosha.

Macho yangu yalikuwa yanaufuata mpira kila ulikokwenda. Mzee akanigeuza kichwa taratibu kuelekea upande ambao mpira haukuwepo. "Mwanangu, mpira utauona tu hata usipoutafuta. Angalia mabeki wamesimama wapi. Angalia nani anahema." Zikiwa zimebaki dakika chache, Gibson Sembuli, mtu aliyeogopwa kwa mashuti yake, akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1.

Kwenye pantoni, wakati wa kurudi, abiria walibishana hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Huyu alisema ni refa, yule alisema ni mganga. Mzee aliwaacha wamalize, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba timu inayoongoza kwa bao moja huacha kucheza na kuanza kuhesabu dakika, na ikishaanza kuhesabu, miguu huwa mizito. Hakumtukana mchezaji yeyote. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe jambo hilo lilishamkuta, akaeleza jinsi beki anavyoogopa kupandisha mpira mbele akijua nyuma yake hakuna mtu. Watu walinyamaza wakamsikiliza, Simba na Yanga pamoja.

Miaka mitano baadaye, Agosti 1979, tulikuwa tumeizunguka redio. Taifa Stars walikuwa Ndola, wakilinda ushindi wa 1-0 walioupata Dar es Salaam dhidi ya Zambia. Zambia wakapata bao, roho zikatutoka, hadi Peter Tino aliposawazisha mwishoni na kutupeleka Lagos kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Enzi hizo mpira tuliuona kwa masikio. Watangazaji wa Radio Tanzania kama Ahmed Jongo na Mshindo Mkeyenge walikuwa na kazi ya kutuonyesha uwanja, na waliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili kitamu ambacho hadi leo nakitamani. Mchambuzi hakuwepo. Dakika tisini zikiisha, matangazo yalirudi studio na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo uchambuzi tuliufanya wenyewe kwenye hoteli ya chai. Mzee aliomba vizibo vya soda, akavipanga juu ya meza: hawa Zambia, hawa sisi. Kwa kizibo kimoja kimoja alitufundisha kwamba ukienda ugenini ukihitaji sare, usicheze kutafuta sare, kwa sababu mpinzani atahamia langoni kwako. Ndipo nilipoanza kuelewa tofauti ya mtu aliyecheza na mtu aliyetazama. Aliyecheza anakumbuka hofu, uchovu, na ile nukta ya sekunde ambayo mtu anaamua kupiga au kutoa pasi. Mambo hayo hayaonekani kutoka jukwaani.

Mara nyingi nakifikiria kizazi cha Lagos. Kule walifungwa 3-1 na Nigeria, wakafungwa 2-1 na Misri, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, na nchi ikangoja hadi 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini huku Bara vituo vilianza 1994, wachezaji wale wakiwa wameshatundika daluga. Miaka ambayo kumbukumbu zao zilikuwa bado mbichi ilipita bila kiti cha studio, na sehemu kubwa ya waliyoyajua iliishia vijiweni.

Leo viti vipo tele. Azam TV ilipoanza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013, ligi yetu iliingia sebuleni na kwenye vibanda umiza vya hapa Sengerema. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Pamoja na fedha hizo zikaja studio, michoro ya skrini, na wachezaji wa zamani waliovaa suti.

Baadhi yao wametutendea haki. Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga ambaye baadaye aliingia serikalini kusimamia maendeleo ya michezo, nilimpenda kwa utulivu wake. Alieleza timu inavyojipanga bila kupayuka, na mama muuza samaki angeweza kumfuata hatua kwa hatua. Amri Kiemba, aliyevaa jezi za Simba, Yanga na Taifa Stars, anazungumza kama kiungo alivyocheza: anaanzia pale mpira ulipopotea, hatua tatu kabla ya bao. Nikiwasikiliza watu wa aina hii najua kwamba jasho lao la uwanjani limegeuka elimu.

Lakini nasema wazi kwamba wengi hawajafika hapo. Mchezaji wa zamani anaulizwa kwa nini timu imefungwa, anajibu kwamba wamekosa umakini. Anaulizwa kipindi cha pili kitakuwaje, anajibu kwamba mpira una matokeo matatu. Mwingine kila swali analirudisha enzi zake, kwamba wao walicheza kwa mapenzi na vijana wa leo wanapenda pesa. Mwingine anaogopa kuikosoa klabu aliyoichezea, au anaisema vibaya ile nyingine ili apigiwe makofi. Hayo hayahitaji mtu aliyewahi kuvaa jezi. Shabiki yeyote wa kijiweni anaweza kuyasema, na huyasema kwa utamu zaidi.

Pamba Jiji iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, nilianza tena kwenda Mwanza kuangalia mpira CCM Kirumba. Nikitoka huko, hufungua televisheni nisikie mechi niliyoiona kwa macho yangu inavyoelezwa. Pamba wanapocheza na Simba au Yanga, mara nyingi mazungumzo ni ya timu moja tu. Wakubwa wakishinda, walikuwa bora, wakikwama, wamejikwamisha. Vijana wa Mwanza waliofunga njia zote za katikati kwa saa nzima hawatajwi. Mchezaji wa zamani ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuiona kazi yao, maana anajua inavyouma kukimbia bila mpira.

Nimesoma kwamba Waingereza walipoweka jopo la wanasoka studio kwa mara ya kwanza, kwenye kituo cha ITV wakati wa Kombe la Dunia la 1970, watu kama Malcolm Allison na Derek Dougan walibishana waziwazi, na watazamaji wakavutiwa. Walibishana kwa hoja za mpira. Huku kwetu studio nyingi zinakubaliana, au zinagombana kwa rangi za jezi.

Wenye vituo wana dawa mkononi. Mchezaji wa zamani apewe muda wa kuiangalia mechi upya kabla ya kuizungumzia, afundishwe kutumia picha na takwimu, ahimizwe kusomea ukocha. Waitwe pia waliocheza Pamba na Toto African, na dada zetu wa Twiga Stars waliofika fainali za Afrika mwaka 2010. Na asiyewahi kucheza asidharauliwe: Edo Kumwembe amejenga jina lake kwa kalamu, na kalamu hiyo imetufundisha mengi. Jina kubwa la uwanjani limfungulie mtu mlango wa studio; kubaki humo kutokane na kazi.

Nanyi wachezaji wetu wa zamani, nawaomba kama mtu aliyewashangilia kwenye jua la Nyamagana na Kirumba. Bao tumeliona, na limerudiwa mara nne. Mkishika maikrofoni, tuambieni kile ambacho nyinyi peke yenu mnakijua: aliyefunga aliona nini, aliyekosa aliogopa nini, na kocha angefanya nini dakika kumi mapema. Semeni kweli hata kama klabu yenu itanuna. Mtazamaji wa Sengerema amelipia king'amuzi chake kama wa Kariakoo, na anastahili kuelezwa sababu.