Msimbati: Darasa la Bahari na Mtoto Asiyesikia

Barabara itokayo Mtwara mjini kuelekea kusini hupita katikati ya mikorosho na minazi, ikafika Madimba penye mitambo ya kusafishia gesi asilia, kisha ikaishia katika mchanga mweupe wa Msimbati. Kusini zaidi, Mto Ruvuma, baada ya safari ya karibu kilomita 800, humwaga maji yake baharini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Sehemu kubwa ya pwani hii, bahari na nchi kavu, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650.

Mgeni huvutiwa na ufukwe. Mwalimu wa sayansi angeona darasa. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa mno, kisha hupwa mno, na kinamama hushuka mwambani kutafuta pweza na kome. Siku hizo jua, mwezi na dunia hukaribia kuwa katika mstari mmoja, na nguvu za mvutano zikaungana. Huko mikokoni umo mti uitwao mchu. Mizizi yake imesimama katika maji ya chumvi, na chumvi inayozidi huitoa kupitia majani. Ukililamba jani lake utaionja. Na pale Madimba, gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, husafishwa kabla ya kusukumwa kwa bomba hadi Dar es Salaam.

Katika hayo yote hakuna jambo linalohitaji masikio. Mtoto kiziwi wa mvuvi huyaona maji yakipwa kama ayaonavyo nduguye, na mwezi wa Ramadhani ukiandama huuona sawa na wenziwe. Shida humkuta darasani. Mwalimu anapofundisha namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, neno lake ni "usanisinuru". Ikiwa neno hilo halina alama, hakuna budi kulitamka kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine. Mtoto hupata herufi 11, maana asiipate. Akifika sekondari, masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, na herufi zile alizozikariri kwa taabu hazimfai tena. Lau angepewa alama yenye maana ndani yake, angevuka nayo, kwani alama hiyo ingekuwa ni ile ile katika madarasa yote mawili.

Nchi yetu haikukaa bure katika jambo hili. Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni ikafuata mwaka 1974. Mwaka 2004, Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Lakini alama ni mwendo, na picha ya kitabuni haitembei. Hapo ndipo teknolojia inapokuwa na kazi: video fupi katika simu huonyesha mkono unakoanzia, unakopita na unakokomea, na mtoto huweza kuirudia mara kumi bila kumwonea haya mwalimu.

Huko Uskochi, Chuo Kikuu cha Edinburgh kina faharasa ya alama za sayansi iliyowekwa kwa video. Wanasayansi viziwi na wataalamu wa lugha hukaa pamoja, wakajadiliana, na alama waliyoafikiana hurekodiwa. Katika alama yao ya usanisinuru, mkono mmoja hulala bapa mfano wa jani, na mwingine, mfano wa jua, huuteremshia mwanga kwa vidole vinavyochezacheza. Anayeiona ameshapata nusu ya somo. Hapa jirani, Mkenya Elly Savatia alishinda mwaka 2025 Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa programu ya Terp 360, ambayo hugeuza maneno kuwa alama zinazoonyeshwa na umbo la mtu kwenye skrini.

Hata hivyo, tusidhani kwamba tutaazima kila kitu. Lugha ya Alama ya Kenya si ya Tanzania, na ya Uingereza iko mbali zaidi. Programu ni mfano wa jahazi: huchukua shehena iliyopakiwa. Alama za bamvua, za mchu na za gesi asilia hazina budi kutoka katika mikono ya viziwi wetu wenyewe, wakikaa na walimu wa sayansi. Bila hivyo, jahazi litatia nanga Mtwara likiwa tupu.

Na shehena hiyo huanza kupakiwa nyumbani. Ziko nyumba ambamo mtoto kiziwi hapelekwi shule mapema, wala hakuna hata mmoja wa jamaa zake ajuaye alama 20. Tumezoea kusema kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Katika kauli hiyo kiziwi hakutolewa. Tunaisoma Surat Abasa na kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, na tunajua Mwenyezi Mungu aliwateremshia nini waja Wake kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka, khutba ya Ijumaa hufasiriwa kwa lugha ya alama. Misikiti yetu nayo yaweza kuanza.

Basi, mzazi mwenye mtoto asiyesikia, bamvua ijayo mchukue mwanao mshuke naye maji yakipwa. Mwonyeshe mwezi, kisha mwonyeshe mwamba ulioachwa wazi. Mpe jani la mchu alilambe. Halafu utazame mikono yake: atakalolisema kwa mikono hiyo, jifunze, nawe umjibu.