"Georgina" ni ya Bendi Gani?

Swali la shindano la redio lilikuwa la mada: taja nyimbo za zilipendwa zenye majina ya wanawake, na bendi iliyopiga kila mmoja. Baba mdogo akaona huo ndio uwanja wake. Alikuwa mtu wa salamu, jina lake likisomwa redioni hadi wauza vitumbua wa mtaa wetu wa Sikukuu, Kariakoo, wakalikariri. Akachukua kadi, akajaza: "Zuwena", Dar International, "Georgina", Dar International.

Shangazi, aliyekuwa uani akichambua mchicha, akacheka. "Georgina ni Safari Trippers, mdogo wangu. Marijani alikuwa hajafika huko Dar International." Marijani Rajabu, mwimbaji wa nyimbo zote mbili, alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, na shangazi alikwishamcheza kabla watu hawajamwita Jabali la Muziki. Baba mdogo hakufuta kitu. Kadi ikaenda posta, tukakaa majuma tukingoja. Jibu lilipotangazwa, aliyepatia ni shangazi, ila kadi haikuwa na jina lake.

Wanaume ndio walioandika kadi, wanawake ndio waliokumbuka. Wala hapakuwa na pa kuhakikishia. Kwa upande wa bara redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, mzao wa ile Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 kwenye studio ndogo hapa hapa Kariakoo. Bendi zilikwenda kurekodi kwenye studio zake za Barabara ya Pugu, na nyimbo nyingi zikabaki kwenye mikanda ya maktaba ya redio hiyo. Ukitaka kujua nani kapiga, ungoje wimbo urudi hewani au umuulize aliyekuwepo dansini.

Mwaka 1994 ikaja Radio One, kisha stesheni zikafuatana, na shindano likahamia kwenye simu. Kwa miaka kadhaa mambo yakawa yale yale: mwenye simu ndiye mjuzi. Ujumbe mfupi ukaleta mbio, YouTube ikaleta wanaojibu wimbo hata haujafika kibwagizo. Napenda kuona kwamba huko nako kuna wanaomwandikia Marijani Dar International kwenye kila wimbo. Baba mdogo ana wafuasi.

Nadhani watangazaji waliona kuwa jibu limekuwa rahisi mno kupatikana. Siku hizi jina la bendi pekee halitoshi. Wanataka utume sauti, useme uliucheza wapi na nani, na ulivaa nini. Hapo ndipo kina mama walipoingia. Wanaeleza suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, foleni za mlango wa ukumbi wa DDC Kariakoo, mume aliyepatikana kwenye dansi la Msondo na aliyepotelea kwenye la Sikinde. Google haina habari hizo.

Nyumba yetu ya vyumba sita pale Sikukuu imekuwa ghorofa la maduka ya mabegi. Shangazi anaishi Mbagala, lakini akijitambulisha redioni bado ni wa Sikukuu. Hivi karibuni mada ilikuwa mitindo ya bendi. Akashika simu ya mjukuu wake, akamwaga: Western Jazz, Saboso, Urafiki, Chakachua, Tabora Jazz, Segere Matata. Mtangazaji akamwambia ameshinda vocha ya simu.

"Vocha mpe mjukuu," akajibu. "Mimi nipigie Western, na usiongee juu ya gitaa."