Samaki Mwenye Madoa Matatu

Mama akirudi kutoka mtoni na kikapu cha visamaki, sisi husema tu, "Samaki wadogo," tukangojea kitoweo. Leo tuwamwage kwanza juu ya jani la mgomba, tuwatazame vema.

Huyu ana madoa meusi matatu ubavuni, la mwisho penye shina la mkia. Peters, mwanachuoni Mjerumani, alimweleza mwaka 1852 kwa samaki wa Msumbiji, akamwita trimaculatus, yaani mwenye madoa matatu. Naye yumo pia katika Lualaba ya juu. Je, madoa yatosha kumtambua? Hata kidogo! Mara nyingine doa moja hukosekana. Basi tupitishe kidole polepole nyuma ya mwiba wa pezi la mgongoni: wake ni laini. Ndugu yake paludinosus, aliyeelezwa na Peters mwaka ule ule, ni mweupe kama fedha, na mwiba wake una meno kama msumeno. Wote wawili wana ndevu nne mdomoni.

Rangi hupotea upesi. Samaki aliyetiwa katika spiriti apelekwe jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, hufika amepauka. Mwiba na magamba hubaki. Kwa hiyo mwanafunzi akaaye kando ya Luama, akiandika rangi za samaki angali akipumua, huandika jambo ambalo mtaalamu hawezi kuliona tena chupani. Aandike pia siku, mahali, na jina ambalo bibi yake humwitia samaki yule.