Nauli ya Kwenda Kwetu

Jumamosi, 1 Juni 2024. Kibondo

Shule zimefungwa jana. Asubuhi nilikuwa nimeinama juu ya turubai nageuza maharage, simu ikalia mfukoni mara tatu mfululizo. Kundi la ukoo. Kaka ameandika kutoka Dar: mwisho wa mwezi huu familia nzima, watu ishirini na kitu, twende Unguja, siku nne, Nungwi. Kila kaya milioni moja na laki nne. Hapo kuna chumba, chakula asubuhi na jioni, na boti ya kwenda na kurudi. Kufika Dar kila mtu na lake.

Wifi akafuatisha picha ya bwawa la kuogelea. Bwawa, na bahari iko hapo hapo pembeni. Bado sijaelewa.

Nikapangusa vumbi mikononi nikajibu: "Nimeona Kaka, ngoja nijipange."

Sote tunajua "nijipange" ni nini. Fundi asiyetaka kazi yako anajipanga. Anayedaiwa anajipanga. Ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili. Shida ya ndugu ni kwamba wao huiamini.

Jumanne, 4 Juni

Watoto wamelala, nimetoa karatasi. Nauli ya Kibondo hadi Dar ni sabini na ushee kwa kichwa, tuko watano, na wa mwisho makondakta hawakubali tena kumpakata. Kwenda na kurudi inapita laki saba. Weka kulala njiani na kula njiani. Jumla inagonga milioni mbili na laki tatu kabla mtoto hajaomba hata koni.

Upande wa pili wa karatasi, mshahara. Bodi ya Mikopo asilimia 15, PSSSF 5, bima 3, chama 2. Robo imeondoka, na hapo kodi ya mapato sijaitaja. Baba watoto ana duka la vipuri vya pikipiki, na mwezi wa sita bodaboda wengi wako mashambani wanavuna, hawavunji kitu.

Kuna maharage. Magunia matatu, hayo ndiyo benki yetu. Lakini Juni ndiyo mwezi ambao kila mtu huku ana maharage, na wanunuzi wenye malori wanajua hivyo. Leo sokoni kilo ni 1,500. Nikiuza sasa, Januari nitanunua ya kula kwa karibu mara mbili, nikiwa na ada mkononi mwingine. Mama alikuwa akisema mtu anayeuza maharage Juni ameuza na kitoweo cha mjukuu wake. Sasa mjukuu mwenyewe ndiye anataka bahari.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu mwenzangu wa hesabu (wa hesabu, jamani) kanishauri mkopo wa kausha damu. Ana mtu wake mjini. Unachukua laki tano, mwisho wa mwezi unarudisha laki sita na nusu, dhamana ni kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anautoa yeye, anakata chake, anakupigia uje uchukue chenji.

"Anakaa na kadi ngapi?" nikamuuliza.

"Anazo kwenye kopo la maziwa. Amezifunga kwa raba."

Siwezi kuliondoa kopo hilo kichwani. Walimu wazima, wenye shahada, tumepangwa ndani ya kopo kama dagaa.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimecheka peke yangu jikoni. Mtumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo mara moja katika miaka miwili, yeye, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne. Mwaka huu si zamu yangu. Lakini hata ingekuwa zamu yangu! Nauli hiyo hukupeleka kwenu, hapo palipoandikwa kwenye faili kwamba ndiko ulikotoka. Mwenzangu wa Jiografia kwao ni Masasi. Zamu yake ikifika anapiga mahesabu ya mabasi manne, na mwaka juzi aliporudi aliezeka chumba. Mimi kwetu ni Kasulu. Elfu nane kwa kichwa. Serikali inanidai shukrani kwa safari ambayo dereva anaimaliza bila kubadilisha kanda.

Yaani mtu anaweza kukosea hata mahali pa kuzaliwa.

Ijumaa, 14 Juni

Treni ya umeme imeanza leo kubeba abiria, Dar hadi Morogoro. Watoto waliiona kwa jirani kwenye taarifa ya habari. Nauli ya daraja la kawaida 13,000. Wa kati akaja mbio kuniambia tukifika Dar tupande na hiyo, "mara moja tu, Mama, halafu tunarudi baharini."

Tukifika Dar. Kumbe mkubwa aliisoma simu yangu na nyumba nzima inajua. Wiki mbili wanangoja mama yao ajipange.

Wa mwisho akauliza itafika lini Kibondo. Baba yake akamweleza kwamba kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, lakini Kibondo hakipiti. "Kwa nini hakipiti?" Baba yake akasema kwa sababu ya milima. Sina hakika kama ndiyo sababu, ila mtoto aliitazama milima kwa hasira.

Usiku Dada kapiga kutoka Mwanza. Akazunguka, akasalimia kila mtu, akauliza mvua, akauliza mbuzi wa Mama. Mwisho: "Mdogo wangu, wewe umeshalipa?" Nikasema bado. Kimya. Halafu akaanza kucheka, nami nikacheka. Naye hana. Alikuwa ananisubiri mimi niseme kwanza kwenye kundi, kisha aniunge mkono kwa huruma.

Jumapili, 16 Juni

Nimeandika ujumbe mara nne. Wa kwanza ulikuwa na mvua iliyoharibu mazao (uongo, mwaka huu tumevuna). Wa pili mtoto alikuwa na malaria, nikaufuta haraka, nikagonga mbao za kitanda. Wa tatu ulikuwa mrefu kama hotuba ya bajeti. Wa nne ndio nilioutuma, na sikuutuma kwenye kundi, nilimtumia yeye:

"Shikamoo Kaka. Unguja hatutakuja. Fedha hatuna."

Saa mbili hakujibu. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alipopiga hakuwa na huruma niliyokuwa nimejiandaa kuikataa. Alikuwa amekasirika. Bei ile ya chini hoteli ilimpa kwa watu ishirini. Advansi ameshalipa kutoka mfukoni mwake, akituhesabu sisi watano na akina Dada wanne. Tukitoka sisi, bei inapanda kwa waliobaki. "Ungeniambia tarehe moja kwamba huna, ningepanga na wasio na watoto. Wewe uliniambia unajipanga."

Nilitaka kumwambia kwamba milioni mbili kwa mwalimu wa Kibondo haihitaji kuulizwa, inajijibu. Lakini ni kweli nilimwambia najipanga. Kwa siku kumi na tano aibu yangu ilikuwa inalipiwa na mtu mwingine, na mimi nikidhani naiuguza peke yangu.

Nikamwomba radhi. Akasema haya, msalimie Mama.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Jirani kaleta pilau kwenye hotipoti, nyama imejaa juu. Watoto hawakuzungumzia bahari hadi hotipoti ilipokwisha.

Alhamisi, 20 Juni. Kasulu

Tumekuja kwa nauli yetu wenyewe, wala si ya serikali. Basi la saa moja. Sehemu kubwa ya barabara sasa ni lami, na watoto wanaona kawaida. Nilipokuwa na umri wa mkubwa, njia hii ilikuwa vumbi jekundu hadi kwenye meno, na mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Askari alikaa kiti cha mbele, sisi watoto tukimhesabia risasi. Nikawasimulia. Wa kati akauliza kama askari alilipa nauli.

Kwenye kizuizi wakapanda watu wa uhamiaji, vitambulisho juu. Huku mpakani ndivyo ilivyo, na kambi ya Nyarugusu ipo hapo ndani tangu 1996. Makere abiria wote wakatoa vichwa dirishani: ndizi, parachichi, mahindi ya kuchoma. Nimenunua parachichi nane kwa elfu moja mia tano. Nimejisikia tajiri.

Mama anakaa upande wa Heru Juu, huko juu kunakopigwa na baridi Juni hii hadi unaota moto mchana. Ndipo palipokuwa himaya ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru tangu 1946, na wazee wa huku bado wanamtaja kana kwamba ametoka tu kidogo. "Mwakeye," tukamsalimia Mama, naye akawashika watoto mmoja mmoja vichwani akipima urefu kwa kiganja.

Jioni nikamuuliza kama Kaka alimwalika Unguja. Alimwalika, na kumlipia angemlipia.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia bahari ya nini mimi? Chumvi ninayo." Akanyoosha kidole kwenye kopo la chumvi ya Uvinza. Kisha akaendelea kupepeta.

Tazama jinsi mtu anavyosema hapana. Kwa sekunde nne, na ungo haukusimama.

Jumamosi, 22 Juni

Ziwa. Kasulu hadi Kigoma ni chini ya kilomita mia, tukafika watoto wakiwa bado na usingizi machoni.

Ujiji kwanza, kwenye miembe na jiwe la kumbukumbu, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwongozaji alieleza vizuri: mzee alikuwa mgonjwa, vitu vyake vilivyotumwa kutoka pwani vilikuwa vimeuzwa na waliokabidhiwa kuvitunza, hana nguo wala dawa. Mkubwa wangu alisikiliza amekunja mikono. "Kwa hiyo na yeye aliishiwa safarini," akasema. Mwongozaji akacheka hadi akashika mwembe.

Mwaka huu ziwa limejaa kupita kiasi. Kibirizi maji yamepanda yakameza sehemu ambazo mimi mwenyewe nilizikanyaga, kuna kuta zimesimama ndani ya maji na watoto wa pale wanazitumia kurukia. Nikaulizia hifadhi ya Gombe, kwa ajili ya kuuliza tu. Kiingilio raia hulipa kwa shilingi, mgeni ndiye anayelipa dola. Kinachoua ni boti. Zipo boti za abiria zinazofuata ufuko na kupita huko kwa bei ya kawaida, ila ukishuka lazima ulale, hadi ipite nyingine kesho. Tukawaachia sokwe siku yao. Kule bandarini tuliiona Liemba kwa mbali, meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini hapa mwaka 1915, sasa imefungwa gati inasubiri matengenezo. Baba watoto aliitazama muda mrefu. Anapenda vitu vinavyongoja vipuri.

Halafu wa mwisho. Alivua viatu, akavipanga, akaingia hadi magotini, akateka maji kwa viganja viwili na kuyanywa kabla sijamfikia. Akatulia, akameza.

"Hayana chumvi."

"Ndiyo. Hili ni ziwa."

"Basi hili ni zuri kuliko bahari." Akarudia kunywa, nikamkokota kwa kola ya shati.

Tukala migebuka kwa mama ntilie mmoja, iliyokaangwa kwenye mawese hadi mkia unavunjika kama biskuti, na ugali wa muhogo. Wa kati, ambaye nyumbani hali samaki, alikula wawili na kunyonya kichwa. Siku nzima, nauli, viingilio, samaki, soda tano: elfu sitini na tatu. Nimeiandika hapa kwa sababu ni hesabu ya kwanza mwezi huu niliyoimaliza bila kichwa kuniuma.

Ijumaa, 28 Juni

Picha zimeanza kuingia. Watoto wa Kaka ndani ya maji ya rangi ile ambayo nilidhani ni ya kalenda tu. Wifi na miwani. Kaka amelala kwenye kitanda cha kamba, tumbo juu, ana furaha kama mtoto. Thelathini na saba, nimezihesabu.

Nilisema sitaumia, nimeumia. Niliirudia ile ya watoto mara tatu. Wanangu nao wakaitazama, mkubwa akasema "wamependeza" kwa sauti ya mtu mzima, akatoka nje kuchanja kuni ambazo hakuna aliyemwagiza. Hiyo sauti ndiyo iliyoniuma. Bahari hata si sana.

Sikutuma picha zetu za Ujiji. Ningezituma leo zingekuwa majibu.

Dada kaweka kopa nyekundu chini ya kila picha. Mnafiki yule. Nikaweka na mimi.

Jumapili, 30 Juni. Kibondo

Tumerudi, kesho shule. Sare zimekauka nusu. Mama katupa mkungu wa ndizi ambao kondakta alitaka kuutoza nauli.

Saa moja usiku Kaka kaandika kwenye kundi, wamefika Dar salama. Kisha ujumbe wa pili: choo cha Mama kule Heru Juu kimetitia upande mmoja, fundi amekadiria, kila kaya laki mbili kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Waliosoma wakawa wengi, anayejibu hakuna. Nikaona jina la Dada linaandika, likaacha, likaandika tena.

Nikaenda kuyapiga tochi maharage. Yako makavu, bado hakuna bunguo. Nikarudi nikaandika: "Shikamoo Kaka. Mwezi huu sina. Agosti nitatoa elfu themanini. Laki na ishirini iliyobaki nitatoa nikiuza gunia, Septemba mwishoni."

Kaka kajibu papo hapo: "Sawa. Nimeandika."

Dada kanipigia pembeni kuniuliza kwa nini nimetaja tarehe.